Mbwa Amemeza Kitu Kisicho Chakula: Nini cha Kufanya, Nini cha Kuacha

Soksi mbili zilianikwa, imebaki moja. Mbwa yuko mlangoni anatikisa mkia kana kwamba hajui lolote. Hapo nyumba nyingi hugawanyika pande mbili. Kuna anayekimbilia jikoni kutafuta chumvi, mafuta ya kula au maziwa ya kumnywesha, na kuna anayesema mbwa ni mbwa, kesho atakinya tu. Wote wawili huweza kukosea kwa kosa lile lile: wanamtazama mbwa, hawaulizi kilichomezwa ni nini.

Mbwa aliyemeza betri ya rimoti anaweza kuonekana mzima kwa saa nzima huku umio wake unaungua. Aliyemeza kokwa la embe anaweza kukaa wiki mbili bila dalili, kisha akazidiwa usiku mmoja. Aliyetafuna pembe ya kandambili na kumeza kipande kidogo, mara nyingi hukitoa baada ya siku mbili bila mtu kujua. Katika saa za mwanzo hawa watatu wanafanana. Kinachowatenganisha ni kitu chenyewe: umbo na ukubwa wake, kimetengenezwa kwa nini, na kwa wakati huo kimefika wapi.

Kabla ya yote: hewa inapita?

Kitu kilichoziba njia ya hewa ni suala la dakika. Mbwa aliyekabwa hujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, hunyoosha shingo, hukoroma au hatoi sauti kabisa, na ulimi na fizi huanza kugeuka rangi ya zambarau. Usimchanganye na anayekohoa kwa nguvu. Anayekohoa bado anapitisha hewa, na kikohozi chake hufanya kazi kuliko mikono yako. Mwache akohoe, umwangalie.

Kama hewa haipiti, fungua taya utazame. Kitu ukikiona na kikashikika, kivute. Usipokiona, usichokoe kwa kidole kwa kubahatisha, kwani utakisukuma ndani zaidi, na mbwa anayekosa hewa humng'ata hata anayemlisha kila siku. Mpira uliokwama nyuma ya ulimi husogezwa kutoka nje: weka vidole gumba viwili kooni chini ya taya, sukuma juu na mbele kuelekea mdomoni. Ikishindikana, mbwa mdogo mbebe mgongo wake ukiwa kifuani kwako, kichwa kikielekea chini, na umkandamize kwa ngumi chini kidogo ya mbavu, kwa kusukuma ndani na kuelekea kifuani, mara 5 za haraka. Mbwa mkubwa simama nyuma yake, mzungushie mikono tumboni, ngumi ikae pale mbavu zinapoishia, kisha vuta juu na mbele mara 5. Angalia mdomo, rudia.

Akizimia, mlaze ubavu kwenye sakafu ngumu, vuta ulimi nje, ondoa unachokiona. Kama hapumui wala hashtuki, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua. Kila baada ya mibonyezo 30, funga mdomo wake na pulizia puani mara 2. Na hata akikitoa na kuanza kupumua vizuri, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Koo lililochubuka huvimba saa kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshatulia.

Taarifa ambazo daktari atazihitaji

Kama anapumua, una muda wa kufikiri. Utumie kukusanya mambo manne: ni kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana uzito gani. Uzito hupatikana kwa mizani ya bafuni: jipime ukiwa umembeba, jipime peke yako, toa tofauti.

Swali la kiasi ndilo watu huliruka. Okota vipande vyote vilivyobaki uviunganishe mezani kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Rimoti ilikuwa na betri mbili, ziko wapi? Kifuniko kimo? Mwanasesere alikuwa na macho mawili ya plastiki, na sasa analo moja. Kazi hii ya dakika kumi huweza kukuonyesha kwamba mbwa hajameza chochote, ametafuna tu na kutema, na hapo umeokoa pesa na hofu. Vipande vilivyobaki, na kitu kingine kama hicho ukiwa nacho, vitie kwenye mfuko uende navyo. Daktari akiona soksi ya pili anajua urefu na unene wa ile iliyoko tumboni.

Kisha piga simu, na uliza maswali haya: mna eksirei au altrasaundi? Mnaweza kufungua tumbo la mbwa leo, au mtanielekeza pengine? Zahanati nyingi za mifugo hutibu ng'ombe na kuku vizuri sana lakini hazina chumba cha upasuaji wa mbwa. Ni afadhali ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua baada ya saa mbili barabarani. Hospitali za kufundishia za vyuo vikuu, kama Sokoine mjini Morogoro na Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zina wapasuaji wa wanyama. Mwuzaji wa duka la dawa za mifugo ni msaada kwa mengi, lakini si wa kumwachia uamuzi huu.

Mahali kitu hukwama

Mdomo wa mbwa humeza vitu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvipitisha, na matatizo yote huanzia hapo. Umio hutanuka sana, lakini una sehemu zake finyu: kifua kinapoanzia, juu ya moyo, na kabla tu ya kuingia tumboni. Kitu kilichokwama humo humfanya mbwa atokwe mate mengi, ameze meze bila kitu, anyooshe shingo, na acheue maji au chakula mara tu anapokula. Kucheua si kutapika. Anayetapika hukaza tumbo na kuhangaika kabla. Anayecheua huinamisha kichwa tu, chakula kikatoka kama kilivyoingia. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi: shinikizo la kitu kwenye ukuta wa umio hukata damu, na ukuta huo ukitoboka, uchafu humwagika kifuani.

Kikifika tumboni kuna nafuu, kwa kuwa tumbo ni pana na ni rahisi kulifungua. Lakini mlango wa kutokea, unaoingia kwenye utumbo mwembamba, ni mdogo. Kuna vitu hukaa tumboni majuma, vikienda na kurudi kwenye mlango huo kama mtu anayejaribu funguo, na mbwa hutapika leo, akapona kesho, akatapika tena Ijumaa.

Kikiingia kwenye utumbo mwembamba na kukwama, saa huanza kuhesabu. Nyuma ya kizuizi utumbo hujaa maji na gesi na kutanuka. Mtanuko hubana kwanza mishipa inayorudisha damu, kisha inayoileta. Ukuta huvimba, huwa mweusi, hufa, na bakteria waliokuwa ndani huvuja nje. Kadiri kizuizi kilivyo karibu na tumbo ndivyo matapishi yanavyokuwa mengi na ya haraka, na mbwa hupoteza maji na chumvi za mwili ndani ya siku moja. Kikiwa mbali, dalili huja polepole, na matapishi huwa ya kahawia yenye harufu ya kinyesi. Huyu wa pili ndiye huchelewa kuletwa.

Kila kitu na tabia yake

Betri bapa za duara, zile za rimoti za gari, mizani na vinyago, ndizo mbaya kuliko zote. Ile iliyoandikwa CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na volti 3. Ikikwama kwenye umio, umeme hupita kwenye majimaji ya ukuta na kutengeneza magadi makali upande wa hasi. Kuungua huweza kuanza ndani ya dakika 15 hadi 30. Haihitaji kuvuja, na hata betri iliyochoka kiasi cha kutowasha rimoti huwa bado na nguvu ya kutosha. Hapa hakuna kungoja wala kutapisha. Ni eksirei mara moja. Betri za kawaida za tochi zina hatari nyingine: mbwa akizitoboa kwa meno, magadi yaliyo ndani huchoma mdomo na tumbo. Mwoshe mdomo kwa maji ya bomba yanayotiririka kutoka pembeni, kwa dakika 10 au 15, bila kumlazimisha kumeza. Vidonda vinaweza kuchukua hadi saa 12 kujitokeza, kwa hiyo mdomo unaoonekana safi saa ya kwanza si uthibitisho.

Uzi unaonekana mnyonge, nao ndio hupasua. Uzi wa kushonea, mshipi wa kuvulia, kamba ya nailoni, shanga zilizotungwa, utepe wa zawadi, soksi ndefu nyepesi za kike: vyote hivi vina ncha mbili. Ncha moja hushikwa, kwa mbwa mara nyingi kwenye mlango wa tumbo, na iliyobaki huendelea mbele. Utumbo huusukuma uzi usiosogea, mwisho wenyewe hupanda juu ya uzi na kujikunja kama kiuno cha suruali kilichotiwa lastiki. Kila mkazo mpya unakuwa msumeno, na utumbo hukatika kwa ndani sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana uzi unaoning'inia mdomoni au nyuma hauvutwi. Ule wa nyuma ukiwa mrefu unaburuta, ukate uache kipande, basi. Mbwa aliyemeza mshipi wenye ndoana kwenye ncha, tatizo la kila siku la mbwa wa pwani, mwachie mshipi wa kutosha na uufunge kwenye ukosi wake. Daktari ataufuata huo kuifikia ndoana.

Gunzi la mahindi lina sura ya chakula, lakini tumbo la mbwa haliwezi kulimeng'enya. Hulivunja vipande viwili vitatu akavimeza, na kila kipande ni kizibo kamili cha utumbo: cha duara, kigumu, chenye mikwaruzo. Gunzi halionekani vizuri kwenye eksirei, na huweza kukaa tumboni siku nyingi kabla ya kuteleza mbele. Kokwa la embe ni hivyo hivyo. Msimu wa mahindi ya kuchoma na msimu wa maembe ni misimu ya matumbo kufunguliwa, na mwenye mbwa hatataja gunzi asipoulizwa, kwa sababu kichwani mwake hilo ni uchafu wa chakula tu. Litaje.

Vitu vya kitambaa na vya kunyonya maji, yaani soksi, chupi, tambara la jikoni lenye mafuta, dodoki, sponji, humezwa kwa ajili ya harufu. Taulo za kike na nepi zina unga unaonyonya maji na kuwa jeli. Hauna sumu ya kutisha, ila huvimba ukishafika kwenye majimaji ya tumbo. Mbwa mkubwa wa kilo 30 hupitisha soksi ya mtoto mara kwa mara. Mbwa wa kilo 6 hapitishi.

Njiti za mishikaki na vijiti vya meno havionekani kwenye eksirei, na huweza kutoboa ukuta wa tumbo vikahamia kwenye ini au kifuani, dalili zikaja wiki kadhaa baada ya sherehe. Cha ajabu, sindano tupu isiyo na uzi mara nyingine hupita salama, kwa vile utumbo huikwepa ncha na kuigeuza sindano, upande butu utangulie. Si jambo la kulitegemea, lakini ndilo linalofanya daktari aweze kusema tufuatilie kwa picha badala ya kukimbilia kisu.

Sumaku moja ni kipande cha chuma. Sumaku mbili, au moja pamoja na msumari, huvutana kutoka mikunjo miwili tofauti ya utumbo, zikabana ukuta uliopo kati mpaka ukafa na kutoboka.

Kuna pia vyuma vinavyoyeyuka. Nati na bolti zilizopakwa zinki, na misumari ya bati, zikikaa kwenye asidi ya tumbo huachia zinki inayovunja chembe nyekundu za damu: fizi hupauka au huwa za manjano, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi. Chubwi la risasi la wavuvi huleta kutapika, kuharisha na kifafa. Vitu hivi, hata vikiwa vidogo kiasi cha kupita, haviachwi vikae tumboni.

Na gundi za mbao zinazofura, pamoja na povu la kopo la kuzibia nyufa za milango, zikikutana na unyevu wa tumbo huumuka mara kadhaa na kuganda kwa umbo la tumbo lenyewe. Usimpe maji mengi, usimtapishe. Hilo jiwe hutolewa kwa upasuaji tu.

Kuhusu kumtapisha

Kutapisha ni tiba halali, ikifanywa na anayejua, kwa kitu kinachofaa, ndani ya muda unaofaa. Kitu laini kama soksi, kikiwa bado tumboni, kwa kawaida ndani ya saa mbili hivi tangu kumezwa, daktari anaweza kukirudisha kwa sindano ya apomofini, na mbwa akatapika ndani ya dakika chache. Hilo ndilo linalofanya simu ya mapema iwe na faida: baada ya saa nne, njia hiyo rahisi huenda imeshafungwa.

Kitu chenye ncha hakitapishwi, wala betri, sumaku, mafuta ya taa, dawa ya kusafishia choo, au uzi mrefu. Mbwa anayesinzia, anayeyumba, mwenye pua bapa, au ambaye tayari anatapika, hatapishwi.

Chumvi iache jikoni. Karibu gramu 4 kwa kila kilo ya mbwa huweza kuua, na kijiko kikubwa kimoja cha chumvi ni karibu gramu 18. Piga hesabu kwa mbwa wa kilo 5. Asipotapika, na wengi hawatapiki, chumvi yote inabaki ndani, ubongo ndio unaolipa. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hutumika Marekani kwa maelekezo ya daktari kwenye simu. Shida ni kwamba chupa zinazouzwa kwa ajili ya nywele ni za asilimia 6, 9 au 12, na hizo huchoma tumbo. Kidole kooni humletea mbwa jeraha na wewe jeraha.

Mafuta ya kula yanayomwagwa mdomoni kwa nguvu huishia kwenye mapafu kwa urahisi, na nimonia ya mafuta haiondoki kwa dawa za kawaida. Maziwa hayalainishi njia, huongeza kuhara. Mafuta ya nyonyo na dawa nyingine za kuharisha hukaza utumbo uliozibwa, na utumbo uliozibwa ukikazwa hupasuka. Dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramidi nayo husukuma utumbo kwa namna hiyo hiyo. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki ni za watu: humwongezea mbwa vidonda vya tumbo, au kuumiza ini na figo, juu ya tatizo alilonalo.

Kusubiri, kama umeruhusiwa kusubiri

Kitu kidogo, butu, kisicho na sumu, mbwa mkubwa, hana dalili: hapo daktari mara nyingi atasema mwangalie nyumbani. Kusubiri huko ni kazi yenye ratiba.

Mpe chakula chake kikiwa kimechanganywa na kitu cha kujaza, kama boga au viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, bila viungo wala kitunguu, kwa milo midogo midogo. Chakula hicho hukizunguka kitu na kukisindikiza. Lakini uliza kwanza. Kama kuna uwezekano wa kumlaza leo kwa dawa ya usingizi, tumbo linatakiwa liwe tupu.

Kinyesi chote kikaguliwe. Mtoe akiwa na kamba, usimwachie ajisaidie nyuma ya nyumba peke yake. Vaa glavu, weka kinyesi kwenye kopo, tia maji, koroga kwa kijiti, chuja kwenye kichungio cha zamani ambacho hakitarudi jikoni. Vitu vingi vinavyopita hutoka kati ya siku 1 na 3, vingine huchukua hadi wiki. Hesabu vipande ulinganishe na ile orodha yako ya mezani: vikitoka viwili na vilipotea vitatu, kazi haijaisha.

Kila baada ya saa chache siku ya kwanza, kisha asubuhi, mchana na jioni, angalia yafuatayo na uandike. Fizi ziwe za waridi na zenye unyevu; bonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Joto kwa kipimajoto cha nyuma kilichopakwa mafuta ya mgando liwe kati ya nyuzi 38 na 39.2. Pumzi akiwa amelala ziwe 10 hadi 30 kwa dakika. Mapigo huhesabika ndani ya paja, kwa sekunde 15 ukizidisha kwa 4. Cha maana zaidi ya namba moja ni kama yanapanda kutoka kipimo hadi kipimo.

Kusubiri kunaisha mara moja akitapika zaidi ya mara moja, akikataa mlo ambao hajawahi kuukataa, akishindwa kuweka hata maji, akijikunyata au kukaa mkao wa kusujudu, kifua chini na makalio juu, ambao ni mkao wa tumbo linalouma. Hali kadhalika tumbo likivimba au kuwa gumu, choo kikiwa na damu au kikawa cheusi kama lami, au akijikamua bila kutoa kitu. Tahadhari na jambo moja: mbwa mwenye utumbo ulioziba anaweza bado kunya siku ya kwanza na ya pili, kwa sababu kilichokuwa mbele ya kizuizi kinaendelea kutoka. Hata kuharisha kidogo hakumaanishi njia iko wazi.

Na pale matapishi yanapoanza, kosa la kawaida la kwetu ni kusema ni minyoo. Mbwa hupewa dawa ya minyoo, kesho sindano ya antibayotiki, keshokutwa dripu, na siku ya nne ndipo anapigwa picha. Kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa, parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, kweli hufanana sana na kuziba: kutapika, kulegea, kukataa chakula. Daktari anaweza kuipima kwa kipande cha kinyesi ndani ya dakika chache. Lakini mtu akijua kuna kitu kimepotea nyumbani, aseme kabla ya dawa ya kwanza kuingia.

Mezani kwa daktari

Njiani usimfunge mdomo mbwa anayetapika. Atavuta matapishi mapafuni. Kwenye bajaji au gari, mlaze ubavu juu ya ubao au kanga iliyokazwa, usimbebe kwa kumkandamiza tumbo.

Eksirei huonyesha chuma, mawe, mifupa na kioo kwa uwazi. Kitambaa, mbao, gunzi na plastiki nyingi hazionekani, kwa hiyo picha "safi" haimaanishi tumbo safi. Daktari hutafuta dalili za pembeni: utumbo ulipotanuka, gesi ilipojikusanya. Kipimo kimoja kinachotumika ni kulinganisha upana wa utumbo mwembamba na kimo cha pingili ya tano ya uti wa mgongo wa kiunoni. Ukizidi mara 1.6 kuna shaka, na ukifika mara 2 shaka hiyo ni nzito. Picha ziwe zaidi ya moja, ubavu wa kulia na wa kushoto na mgongoni, kwa sababu gesi ya tumboni huhama mbwa anapogeuzwa na kufichua kilichofichwa upande wa pili. Altrasaundi huona kitambaa na gunzi vizuri zaidi, ikiwa mkononi mwa aliyeizoea.

Kitu cha chuma kilichopo tumboni na kisicho na haraka hufuatiliwa kwa picha kila baada ya siku moja au mbili. Kikionekana pale pale kwenye utumbo mwembamba katika picha mbili zilizofuatana, hakitembei, na hapo mjadala unaisha. Endoskopi, mrija wenye kamera na koleo, huweza kutoa vitu vya umio na tumbo bila kupasua, ila vifaa hivyo haviko kila mji.

Upasuaji wa tumbo lenyewe ni wa matumaini makubwa. Kufungua utumbo mara moja ni hatua ya juu zaidi, na kukata kipande kilichokufa na kuunga ncha mbili ni ya juu zaidi tena. Tofauti kati ya hizo tatu, kwa bei na kwa uhai, mara nyingi ni siku zilizopotea nyumbani.

Baada ya upasuaji, mbwa wengi huanza chakula kidogo laini ndani ya saa 12 hadi 24, nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi 14, na koni ya shingoni hukaa mpaka siku hiyo hata kama anaichukia. Siku za kukesha ni ya 3 hadi ya 5, kwani ndipo mshono wa utumbo ukivuja huvuja. Mbwa aliyekuwa anakula vizuri, kisha siku ya nne akakataa chakula, akapanda joto na kutapika, anarudi hospitali usiku huo huo.

Mbwa aliyemeza mara moja ana tabia ya kurudia. Watoto wa mbwa hutafuna kwa nguvu kati ya miezi 4 na 7, meno makubwa yanapoota, na wengi huacha. Mkubwa anayekula mawe, udongo au vitambaa kila wiki apimwe damu na kinyesi kwanza, maana upungufu wa damu unaotokana na kupe au minyoo huleta hamu hiyo. Mbwa wa ulinzi anayefungwa mchana kutwa hutafuna kwa uchovu wa kukaa bure. Huyo anahitaji kutembezwa, na kitu cha kutafuna kilicho kikubwa kuliko mdomo wake. Ndoo ya taka ya chooni ndiyo ya kwanza kununuliwa kifuniko, kabla hata ya ile ya jikoni.